Seyyid Barghash na jumba lake la chuma na zege

Mama mmoja wa Makunduchi alitupigia simu studio baada ya kipindi chetu cha ujenzi. Watoto wake walimchangia pesa, akamwagiwa zege kuanzia barabarani hadi mlangoni kwake, mita 18, ili gari ndogo ipite hata wakati wa masika. Fundi alitandika nondo, akachanganya, akamwaga, akasawazisha. Miaka mitatu haijatimia, ufa umekata njia kutoka upande hadi upande, na mahali pengine zege limevimba, limemeguka na linatoa rangi ya kutu. Alichotaka kujua ni kimoja tu. Nondo ziliwekwa na yeye mwenyewe alizishuhudia kwa macho yake. Sasa zege limepasukaje?

Tulimwahidi kumtafutia jibu. Mafundi wawili wa hapa mtaani Kikwajuni walitueleza mengi, na mmoja wao akatushauri twende Forodhani tukatazame kwanza. Basi tukashuka kwa miguu, tukapita Mnazi Mmoja, tukakata vichochoro mpaka ufukweni, tukasimama mbele ya Beit al-Ajaib, au tuseme mbele ya kilichobaki baada ya kuporomoka. Tuliporudi tulikuwa na jibu la mama, lakini pia tulikuwa na habari za mwenye jumba, na tumeona hatuwezi kueleza moja tukaiacha nyengine.

Mwenye jumba ni Seyyid Barghash bin Said. Alizaliwa hapa Unguja yapata mwaka 1837, mmoja wa watoto wengi wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar aliyehamishia makao yake kisiwani kwetu. Mama yake alikuwa Mhabeshi, suria katika nyumba ya Sultani. Katika ukoo ule, kuwa mtoto wa mfalme hakukumhakikishia mtu kitu. Ndugu walikuwa wengi na kiti kilikuwa kimoja.

Oktoba 1856 Seyyid Said alifariki baharini akiwa njiani kutoka Oman kurudi Unguja. Barghash alikuwemo merikebuni, kijana ambaye hajafika miaka 20. Walipotia nanga aliuteremsha mwili wa baba yake usiku, akauzika kimya kimya, akajaribu kushika madaraka kabla ndugu yake Majid hajajua kilichotokea. Hakufanikiwa. Miaka mitatu baadaye alijaribu tena, safari hii akiwa na watu wenye silaha. Dada zake wawili, Bibi Khole na Bibi Salme, walikuwa upande wake. Salme alikuwa amejifundisha mwenyewe kuandika, na yeye ndiye aliyekuwa karani wa njama ile. Wafuasi wa Barghash wakajifungia katika shamba lililoitwa Marseilles, katikati ya kisiwa. Majid alisaidiwa na askari wa manowari ya Kiingereza, shamba likavunjwa, na Barghash akajisalimisha. Adhabu yake ilikuwa kupelekwa Bombay, na alikaa huko kiasi cha miaka miwili.

Kwa maoni yetu, Bombay ndiyo iliyomfanya Barghash tunayemjua. Ulikuwa mji wa bandari, wa viwanda vya pamba, wa meli za moshi. Treni ya kwanza ya abiria ya India ilianza kukimbia pale mwaka 1853. Kijana aliyekulia katika nyumba za mawe na boriti aliona namna chuma kinavyoweza kubeba vitu ambavyo mti haubebi. Aliporudi alikaa kimya karibu miaka kumi, akingoja.

Majid alifariki Oktoba 1870 na Barghash akakaa kwenye kiti. Mwaka wa pili tu, Aprili 1872, kikaja kimbunga ambacho wazee walikisimulia vizazi kwa vizazi. Minazi ililala, mikarafuu ya Unguja iling'oka kwa maelfu, meli zikazama bandarini. Pemba ilisalimika zaidi, na ndiyo maana tangu wakati ule karafuu za Pemba zikaipita Unguja. Utawala wa Barghash ulianza na hazina iliyotobolewa na upepo.

Kabla hajanyanyuka, Waingereza wakamjia na jambo la watumwa. Balozi wao, John Kirk, alimwekea mkataba mezani, na nyuma ya mkataba kulikuwa na tishio la kuzuia meli zote zisiingie bandarini. Barghash aliukataa, kisha akaona hana njia. Tarehe 5 Juni 1873 alitia saini, biashara ya kusafirisha watumwa baharini ikapigwa marufuku na soko la Mkunazini likafungwa. Tuseme wazi: soko lilifungwa, lakini utumwa wenyewe ulibaki halali hapa hadi 1897. Mashamba yaliendelea kulimwa na watu wasio huru, na fedha zilizotokana na jasho lao ndizo zilizojenga majumba tunayoyapiga picha leo.

Pale sokoni Mkunazini palijengwa kanisa kubwa la Kianglikana, na hapa ndipo zege linapoingia. Aliyesimamia ujenzi alikuwa Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika vitabu vya mwanzo vya sarufi ya Kiswahili cha Unguja. Steere alitaka paa lisilo na mbao. Alichanganya saruji na mawe ya matumbawe yaliyopondwa, akatengeneza paa la mviringo kama nusu ya pipa lililolazwa, kutoka ukuta hadi ukuta. Watu waliamini litaanguka. Halikuanguka, na mpaka leo limesimama. Inasimuliwa kwamba Barghash aliitoa saa ya mnara wa kanisa hilo kwa sharti kwamba mnara usipite urefu wa kasri lake. Waongozaji wa wageni wana hadithi nyengine wanayoipenda zaidi, kwamba baadhi ya nguzo za mlangoni zilisimamishwa juu chini wakati askofu hayupo. Ukienda kutazama utaona hawakudanganya.

Tumelitaja paa hili kwa sababu. Zege ni jiwe la kutengenezwa na binadamu, na lina tabia ya jiwe. Ukiligandamiza linavumilia sana. Ukilivuta au ukilipinda, linakatika upesi. Nguvu yake ya kuvutwa ni kama sehemu moja kwa kumi ya nguvu yake ya kugandamizwa. Paa la Steere lina umbo la upinde, na katika upinde kila kipande kinamsukuma mwenzake mpaka uzito ufike ukutani. Hakuna panapovutwa sana. Kwa hivyo halikuhitaji chuma, na lisilo na chuma halioti kutu. Sakafu iliyolala, au njia ya gari, ni kesi nyengine. Ukiikanyaga katikati, upande wa juu unabanwa na upande wa chini unavutwa, na huo wa chini ndio unaochanika. Hapo lazima apatikane wa kusaidia kuvuta.

Mwaka 1875 Barghash alisafiri hadi Uingereza akapokewa kwa heshima kubwa, akaonyeshwa viwanda na mitambo. Aliporudi, mji ulianza kubadilika haraka. Alinunua meli za moshi zilizobeba mizigo na abiria hadi India. Alijenga mfereji na mabomba ya kuleta maji safi mjini kutoka chemchem za kaskazini ya mji, jambo ambalo pengine liliokoa maisha ya watu wengi kuliko chochote alichokifanya, maana kipindupindu kilikuwa kimeshaua maelfu hapa. Alijenga kasri la Maruhubi, na jengine Chukwani. Kutoka mjini hadi Chukwani aliweka reli, kiasi cha maili saba. Mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu, kisha akaagiza kichwa cha treni. Ndiyo, msikilizaji, Unguja ilikuwa na reli kabla ya Dar es Salaam kuiona.

Halafu mwaka 1883 likakamilika jumba lake la sherehe mbele ya bahari. Lilikuwa jengo refu kuliko jengine lolote mjini, lenye roshani pana zilizozunguka pande zake, zikibebwa na nguzo ndefu za chuma cha kumimina kilichokuja kwa meli. Ndani yake baadaye kuliwaka taa za umeme watu wengine wakitumia koroboi. Watu wakaliita Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu.

Ajabu lililotuvutia sisi limejificha sakafuni. Katika nyumba za Mji Mkongwe, dari ilijengwa kwa boriti za mikoko. Boriti ya mkoko hukatwa kwa urefu wa kama mita tatu tu, na ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani ni virefu na vyembamba kama ukumbi. Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha chokaa iliyotwangwa kwa siku nyingi. Barghash alitaka kumbi pana za kukaa mamia ya watu, na mkoko usingemfikisha. Akatumia mihimili ya chuma yenye umbo la reli iliyopangwa sambamba, na juu na kati yake zege. Kuta zilibaki zile zile za mawe ya matumbawe na chokaa. Ilikuwa nyumba ya zama mbili, ukuta wa babu na sakafu ya mjukuu.

Tukumbuke miaka ile elimu hii ilikuwa changa dunia nzima. Kule Paris, mtunza bustani aitwaye Joseph Monier, aliyechoshwa na vyungu vya miti vinavyovunjika, aliweka nyaya za chuma ndani ya saruji na kusajili uvumbuzi wake mwaka 1867. Yaani Barghash alipomwaga sakafu zake, ule uvumbuzi ulikuwa na miaka 16 tu. Hakuna jengo la namna hii popote lililokuwa limezeeka kiasi cha kuwafundisha watu litakavyokuwa baada ya miaka 100, tena kando ya bahari ya chumvi.

Chuma na zege wamekutana kwa bahati njema. Vyote viwili hutanuka na kusinyaa kwa joto kwa kiasi kinachokaribiana sana, kwa hivyo havigombani jua linapochoma mchana na usiku unapopoa. Tena saruji mbichi ina ukali wa magadi unaokizungushia chuma utando mwembamba usioonekana, na utando huo ndio unaokizuia kutu. Chuma kinalisaidia zege kuvutwa, zege linakificha chuma. Wamekaa hivyo.

Kinachowagombanisha ni maji yenye chumvi. Sisi watu wa pwani tunaijua chunyu, ile chumvi inayoganda mwilini ukitoka baharini, inayofika mpaka kwenye vioo vya madirisha siku za kaskazi. Chunyu ikipenya hadi kwenye chuma inautoboa ule utando, kutu inaanza, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na zaidi. Ndani ya zege hakuna nafasi ya ziada. Kutu inasukuma, zege linachanika kufuata mstari wa chuma, ufa ukifunguka maji mengi zaidi yanaingia, na mambo yanakwenda kasi. Hewa nayo, mwaka hadi mwaka, inaupunguza ule ukali wa saruji. Katika sakafu za mihimili ya zamani hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mara nyingi upande wa chini wa mhimili haukufunikwa kwa zege la maana. Ulipakwa plasta au rangi tu.

Barghash hakuishi kuyaona haya. Jumba lilikuwa na mwaka mmoja tu alipoanza kupoteza nchi. Mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alipita bara akikusanya mikataba na machifu, katika ardhi ambazo Sultani alizihesabu kuwa zake. Barghash alipolalamika, Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri na kulielekezea mizinga. Alitegemea Waingereza wamsimamie kwa yote aliyowakubalia tangu 1873. Hawakumsimamia. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa wao kwa wao wakagawana bara, wakamwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi. Kutoka kwenye roshani zile zile alizozijenga kuonyesha ukubwa wa utawala wake, aliziona meli za watu waliokuja kuupunguza.

Alikuwa mgonjwa tayari. Alisafiri hadi Uarabuni kutafuta afya, akarudi Unguja, na Machi 1888 akafariki, akiwa na umri wa kama miaka 50. Reli ya Chukwani iling'olewa. Kasri la Maruhubi liliungua mwaka 1899, zikabaki nguzo tunazoziona leo.

Jumba la Maajabu liliendelea na maisha yake. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyomalizika kabla ya saa moja kutimia, manowari za Kiingereza zililipiga eneo la kasri. Nyumba za jirani zilibomoka, mnara wa taa uliokuwa mbele yake ukaharibika vibaya, lakini Beit al-Ajaib ilisimama na majeraha madogo. Walipolitengeneza wakaliongezea mnara wa saa katikati ya uso wake, uzito ambao mjenzi wa kwanza hakuupangia. Baadaye likawa ofisi za serikali ya Waingereza, na baada ya Mapinduzi likatumika kwa shughuli za chama, kisha likawa makumbusho. Wengi wetu tuliingia mle na skuli, tukaona jahazi kubwa la mtepe limekaa katikati ya ukumbi. Tulikuwa tukitazama jahazi. Hakuna aliyetwambia tuangalie dari.

Na dari ilikuwa ikisema. Paa lilivuja miaka mingi. Maji ya mvua yalishuka katika sakafu, yakakutana na chumvi iliyokwishaingia. Mwaka 2012 sehemu ya jengo ilianguka na makumbusho yakafungwa. Kazi ya kulitengeneza upya, kwa fedha za Oman, ilikuwa imeanza wakati, mchana wa tarehe 25 Disemba 2020, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa ilipoporomoka. Watu waliokuwa kazini walifukiwa na wawili wakafariki.

Yapo maneno mitaani kwamba zege la zamani lilikuwa bora, au kinyume chake kwamba Barghash alijenga kwa fahari bila ya kujua. Sisi hatukubaliani na upande wowote. Alitumia kitu bora kilichokuwepo wakati wake, na kilibeba watu kwa zaidi ya miaka 130, mizinga ikiwemo. Kilichokosekana katika miaka ya mwisho ni paa lisilovuja na mtu wa kupanda ngazi kila mwaka na tochi. Hapa Kikwajuni kwetu kuna majumba ya fleti yaliyojengwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, zege na nondo vile vile, na bahari haiko mbali. Tulipotoka Forodhani tulitembea chini ya baraza zake tukiangalia juu. Mpita njia mmoja alidhani tumepoteza ndege.

Sasa turudi kwa mama wa Makunduchi. Tulikwenda kuiona njia yake, na fundi mmoja wa Kikwajuni akafuatana nasi. Alipiga magoti, akakwangua kwa patasi, akatuonyesha kwamba nyufa mbili zile si ndugu.

Ufa wa kwanza, ule ulionyooka kutoka upande hadi upande, ni wa kusinyaa. Zege likikauka linapungua, na ukiwa na kipande kimoja cha mita 18 kilichoshikwa na ardhi chini yake, lazima kichanike mahali. Joto nalo lina sehemu yake: zege la mita 10 likitofautiana kwa nyuzi 20 kati ya usiku na mchana, hurefuka na kufupika kwa kama milimita 2. Njia ile ilimwagwa saa sita za mchana, ikaachwa juani bila ya kumwagiliwa, kwa hivyo ilisinyaa haraka kabla haijapata nguvu. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na sisi tulikuwa miongoni mwao. Nondo haizuii zege kupasuka. Kazi yake ni kuushika ufa usifunguke, ubaki mwembamba kama unywele, maji na mchanga visiingie. Mafundi wa barabara wanalijua hili, ndiyo maana hawasubiri zege lichague lenyewe pa kupasukia. Ndani ya siku moja baada ya kumwaga wanalikata kwa msumeno, robo au theluthi ya unene, ili ufa ufuate mkato. Aliyepanda mwendokasi wa Dar es Salaam, kutoka Kimara hadi Kivukoni, amepita juu ya zege la namna hiyo, na akitazama chini ataiona ile mistari iliyonyooka ikikata njia. Kwa njia ya nyumbani yenye unene wa sentimeta 10, mkato unatakiwa kila mita 2 na nusu hadi 3. Njia ya mama haikuwa na hata mmoja.

Ufa wa pili, ule wenye kutu na uvimbe, ndio wa Beit al-Ajaib. Fundi alipotoa vipande alikuta nondo imelala juu ya udongo kabisa upande mmoja, na upande mwengine imekaribia juu kiasi cha kufunikwa na zege la unene wa kidole. Hakukuwekwa vile vitofali vidogo vya zege vya kuinyanyua, ambavyo mafundi wengi huviita biskuti. Karibu na bahari, nondo inataka ifunikwe kwa kama sentimeta 5 za zege lililoshiba. Halafu akachukua mchanga kidogo uliomeguka, akauramba. Tukaramba na sisi. Ulikuwa wa pwani. Ulichotwa ufukweni na haukuoshwa, maana wa shimo ulikuwa ghali na mbali. Chumvi haikulazimika kusubiri upepo, ilichanganywa ndani tangu siku ya kwanza.

Mama aliuliza kama avunje yote. Fundi alimwambia hapana. Ufa ulionyooka utasafishwa na kujazwa lami, ubaki kuwa kiungo, na mikato mengine itaongezwa ili njia ipate pa kupumulia. Pale penye kutu pataondolewa mpaka zege zima lionekane, nondo ikwanguliwe ing'ae au ibadilishwe, kisha zege jipya la mchanga wa shimo na maji ya bomba, limwagwe asubuhi mapema na lifunikwe magunia yaliyorowa kwa siku saba. Lakini alimtahadharisha kwamba zege la jirani limebeba chumvi ile ile, na huenda likaanza kuvimba baada ya miaka kadhaa, kwa hivyo awe anapita na kigongo akiligonga. Likilia kwa sauti ya uwazi kama kibuyu, aite mtu.

Mama alicheka, akasema na kigongo cha kufukuzia kuku anacho. Kazi itaanza vuli ikimalizika.